Hedifoni Nzito

Siku ya tatu ya matanga, wanawake wakiwa bado uani wanasugua masufuria, Riziki alinishika mkono akanivuta mpaka chumbani kwa marehemu mama yake, Bi Mejumaa. Akainama, akatoa chini ya kitanda kikapu cha ukili kilichofungwa kwa leso kuukuu. "Hiki chako, Mishi," akasema. "Mama alisema mtu mwingine asipewe." Nikafungua fundo. Zilikuwamo hedifoni zangu, zile nyeusi nilizomwachia Bi Mejumaa siku nilipohama, kila upande mkubwa kama kisahani cha kikombe, sponji imegeuka unga na waya umekakamaa. Zaidi ya miaka ishirini, na mimi nilidhani zilikwenda na takataka. Nikazipakata, na uzito wake ulikuwa uleule. Machozi yaliyonigomea mbele ya jeneza, na mbele ya wageni waliotoka Kwale na Msambweni, yakanitoka pale, tena kwa sauti, na Riziki akanipigapiga mgongo akidhani ninamlilia mama yake peke yake. Nilikuwa ninamlilia yeye, wallahi. Lakini nilikuwa pia ninaililia miezi niliyokaa katika nyumba ile nikiwa na hakika kwamba hapana mtu aliyejua yaliyonipata.

Habari za ukoo wetu na nani alimzaa nani ninaziacha, hazina kazi hapa. Ilikuwa miaka ya tisini inamalizika. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mke wa mtu, na nilikuwa opereta wa simu katika hoteli moja ya Diani. Nilikaa Ukunda, katika nyumba ya Bi Mejumaa, mjane aliyepangisha vyumba vinne na kubakiwa na kimoja cha yeye na binti yake Riziki. Nyumba zile mnazijua: ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele mpaka uani, vyumba huku na huku, makuti juu, na kuta ambazo hazifiki kwenye makuti. Zinaishia kwenye kimo cha mtu akinyoosha mkono, na juu ya hapo hewa ni ya wote. Mpangaji wa chumba cha mwisho akipiga chafya, wa mbele anamwitikia yarhamukallah. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha mbao, sanduku la chuma la nguo zangu, sanduku la nguo za mume wangu Rashidi ambalo sikulifungua, na meza ndogo aliyoigongomea misumari mwenyewe kabla hajaondoka kwenda Maskati kuendesha lori. Tulikuwa tumekaa pamoja miezi saba tu. Harufu ya mafuta yake ya nywele ilikuwa bado kwenye mto, na sikuufua ule mto mpaka Bi Mejumaa akanisema.

Rashidi hakuwa mtu wa kuandika barua. Wanaume wetu waliokwenda Uarabuni miaka ile walikuwa wakituma kanda. Mtu anajifungia na redio kaseti, anajisemea upande mzima, nusu saa nzima, kisha kanda inakuja na msafiri anayerudi kwa likizo, imezongwa karatasi na utepe ili asije mtu akaichezea. Kanda ya kwanza ilipokuja sikuwa na redio, nikaazima ya Bi Mejumaa. Nikaingia nayo chumbani, nikafunga mlango kwa komeo, nikaweka sauti ya chini kabisa, nikajilaza nayo shavuni. Mjinga mimi. Kesho yake asubuhi nimesimama uani na ndoo yangu ninangoja bafu, Riziki akapita akiwa ameibana pua, akaifanya sauti nzito ya Rashidi: "Mishi wangu, miguu yako ile ya baridi inalala wapi siku hizi?" Lo! Uani kote kicheko. Mke wa seremala aliyepanga mbele alicheka mpaka akakaa chini. Bi Mejumaa mwenyewe alikuwa anakuna nazi, akaiacha mbuzi, akajifuta machozi kwa pindo la leso, akasema, "Usikasirike, mwanangu. Sauti ya mume ndani ya nyumba ni baraka. Leo alasiri tuwekee tena, tuisikilize vizuri, na mimi nitapika mkate wa sinia."

Nilikasirika. Nilikuwa na hasira za karibu siku hizo, na kiburi cha kufanya kazi hotelini nikijibu simu kwa lugha tatu. Nilimrudishia redio yake bila asante ya maana, na siku mbili sikula chakula cha watu. Leo nikiwa na umri aliokuwa nao yeye wakati ule, ninaona walichokuwa wanakitaka. Nyumba nzima ile haikuwa na mwanamume aliyesema maneno kama yale. Walitaka kuonja. Lakini mimi niliona nimevuliwa nguo hadharani, nikaapa kwamba kanda ya pili ya Rashidi haitaingia sikio jingine ila langu.

Sasa hoteli yenyewe ilikuwa inakufa polepole. Wageni walikoma kuja mwaka ule, kukawa na meza arobaini zimetandikwa na watu sita wanakula. Wapishi walitumwa likizo isiyo na mwisho. Mimi nilibaki kwa sababu simu lazima ijibiwe hata na hoteli tupu, nikawa ninakaa kutoka alfajiri mpaka saa nane mchana nikitazama taa za swichibodi ambazo hazikuwaka. Mgeni wa kudumu alikuwa mmoja, mzungu mzee tukimwita Babu Hansi, aliyezoea kukaa miezi mitatu kila mwaka chumba kilekile. Mwaka ule alikuwa amekuja kufunga vitu vyake, kwa sababu daktari wa kwao alimkataza safari. Siku moja alinipigia kutoka chumbani akiomba nimsaidie kuandika majina kwenye maboksi, na nilipofika nikamkuta amekaa kitini, macho amefumba, na hedifoni zile kichwani.

Nikamuuliza ni za nini kubwa vile. Akazivua, akanivika mimi. Kulikuwa na mtu anapiga kinanda. Nimesikia vinanda redioni maisha yangu yote, lakini siku ile nilisikia kiti cha mpigaji kikilia aliposogea, na nikamsikia akivuta pumzi. Niligeuka nyuma kutazama nani ameingia. Babu Hansi akacheka, akafungua upande mmoja kwa bisibisi anionyeshe. Spika za kawaida, alisema, zina koni inayosukumwa katikati. Hizi hazina koni. Zina utando wa plastiki, mwembamba kuliko karatasi ya kufungia sambusa, wenye nyaya bapa zimepita juu yake, na sumaku mbele na sumaku nyuma. "Inatetemeka yote, Mishi. Yote mara moja. Kwa hiyo kitu kidogo, pumzi, inasikia." Akageuza akanionyesha mgongo wake wenye matundu madogo. "Na nyuma hii wazi. Si kufungwa. Sauti inapumua." Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Akili yangu ilikuwa imeshatoka pale, iko Maskati, ninamsikia Rashidi akivuta pumzi.

Nikamwomba aniuzie, lakini hakutaka pesa. Alitaka mikeka miwili ya kutandika sakafuni kwake, mikubwa, ya rangi, ya kusukwa kwa mkono. Nikaenda nikamshikia miguu Bi Mejumaa, msusi wa mikeka, mimi yuleyule niliyemnunia. Akaniuliza, "Za nini hizo?" Nikamwambia za kusikilizia. "Kwani masikio yako yana nini?" Akanitazama, akaelewa, akacheka kidogo puani. Akasuka wiki tano. Kila nikirudi kazini ninamkuta ukumbini, mguu mmoja amenyoosha, ukili unamtiririka mapajani kijani na zambarau, na hakuniuliza tena. Nilimlipa kwa unga, sukari na samaki, na alipoishona ile mikeka akanipa nikampelekea mzungu. Babu Hansi alipoondoka alinishika mkono akaniambia, "Inataka nguvu, Mishi. Mashine ndogo hapana." Na hilo nalo nikaitikia ndiyo.

Nikaja nikalijua nilipozichomeka kwenye redio kaseti ndogo ya kubebea niliyoiazima kazini. Kanda ya pili ilikuwa imeshafika na ilikuwa inaningoja sandukuni. Nikafungulia sauti mpaka mwisho. Rashidi alikuja kwa mbali, mwembamba, nikawa ninashika neno moja, mawili yananipita. Niliona nimetapeliwa, nikazitupa kitandani. Kesho yake nikazibeba mpaka kwa Mutua, fundi wa redio wa Ukunda, Mkamba aliyekuja pwani na vijana wa hoteli akabaki. Kibanda chake kilinuka risasi ya kulehemu na chapati. Akazipima kwa mita yake, akazigeuza juu chini. "Sista, hii kitu si mbovu," akasema. "Ni ngumu tu. Inataka kusukumwa. Hiyo redio yako ni kama kusukuma lori na baiskeli. Tutafute amplifaya."

Basi tulitafuta. Mimi kwa werevu wangu nilikuwa nimeshapata jawabu: msikiti wa jirani ulikuwa umebadilisha mashine ya vipaza vya adhana, na ile ya zamani ilikuwa stoo. Kama iliweza kuwaamsha watu mpaka barabara kuu, itashindwaje na masikio yangu mawili? Nilikuwa nimeshamwomba msimamizi. Mutua alishika kichwa. "Wacha kabisa! Hiyo inatoa volti kali ya kupeleka sauti mbali kwa waya mrefu. Ukichomeka hapo, hiyo karatasi ndani inaungua mara moja, tena usikie harufu yake." Nikanywea. Akaleta ya pili, busta ya gari, na betri yake chini ya meza. Ilikuwa na nguvu, hilo silikatai, lakini ilikuwa na mvumo wa chini usiokoma, na Rashidi aliponisalimu alinisalimu kutoka ndani ya mzinga wa nyuki. Nilimwambia Mutua hapana. Akaniambia kwa pesa zangu nisichague sana. Nikamwambia mimi sinunui kelele.

Ya tatu aliitoa juu ya rafu, akaipangusa vumbi kwa kofia yake. Ilitoka kwenye baa ya ufukweni iliyofungwa. Ilikuwa ya zamani, ubavu wa mbao, vitufe vya chuma vizito, na ukizungusha cha sauti kilikwaruza kabla hakijatulia. Mahali pa kufungia spika palikuwa pamevunjika pote, ndiyo maana hapakuwa na mtu aliyeitaka na bei yake haikunitisha. Lakini tundu lake la hedifoni lilikuwa zima. "Hizi za zamani," Mutua akasema, "tundu yake inachukua nguvu palepale spika zinachukua. Hapo ndio hizo zako zitashiba." Nikafurahi zaidi nilipotambua kwamba mashine ile haiwezi kuongea na nyumba nzima hata ikitaka. Nikaweka kanda mwanzo kabisa. Kwanza ukimya, na ndani ya ukimya chumba chake, feni yake. Kisha akavuta pumzi, karibu na shavu langu, ndipo akasema, "Assalamu alaikum, mke wangu." Nikaizima haraka, nisije nikaaibika mbele ya mtu. Mutua alikuwa amegeuka anatazama barabara. "Iko sawa hiyo," akasema bila kunitazama. "Lakini ukiwa kwa watu usifungulie sana, sista." Nilidhani ananionea huruma masikio.

Nikawa na maisha yangu. Ninarudi kazini saa nane, ninatawadha kwenye pipa la uani, ninaswali adhuhuri yangu ya kuchelewa, ninaingia chumbani. Amplifaya ilikaa juu ya meza ya Rashidi, imeungwa kwa waya na ile redio kaseti ya kazini, inapata joto taratibu, na paka wa Bi Mejumaa alijua saa yake, anakuja kulala juu yake. Ninavaa hedifoni, zinanibana na kunilemea shingo, ninapandisha sauti kupita nusu, nyumba inatoweka. Kanda nne alinitumia. Nilizijua kwa moyo: lori lilivyopasuka gurudumu jangwani, mpishi Mbaluchi aliyetia sukari kwenye samaki, siku atakayorudi na atakavyoniamsha. Nikitoka chumbani alasiri, macho yamenivimba kwa raha, ninamkuta Bi Mejumaa palepale nje ya mlango wangu na ukili wake. Wengine siku hizo hawakukaa ukumbini saa zile. Nilikuwa ninamsikia kabla sijavaa akiwafokea, "Haya, ondokeni hapa, nendeni mkachambue mchele uani, ukumbi wangu nataka hewa!" Niliona uzee unamharibu tabia.

Ile ya tano ililetwa na mama mmoja wa Ramisi, katika bahasha ya kaki. Niliswali kwanza. Nikavaa, nikasikia feni, nikasikia pumzi. Akanisalimu. Akauliza kama makuti ya upande wangu yalizibwa kabla ya mvua. Akamsalimia Bi Mejumaa. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya upole, kwamba mkataba wake umeongezwa, na kwamba amepata huko mtu wa kumtazama, na kwamba hataki kunifunga. "Basi nimekuacha, Mishi, talaka moja, kwa wema. Mungu akupe aliye bora kuliko mimi." Ikafuata feni. Feni ilizunguka mpaka upande wa kanda ukaisha na kitufe kikaruka chenyewe. Nilikuwa bado nimekaa. Paka alikuwa amelala.

Nitasema kweli nilichofikiri kwanza, ingawa ninajionea haya. Nilifikiri: hakuna aliyesikia. Talaka moja ina mlango. Kabla eda haijaisha mume anaweza kumrejea mkewe kwa neno tu, bila mahari, bila harusi, na kama anaweza kuacha kwa kanda basi na kurejea anaweza kwa kanda. Ninachotakiwa ni kunyamaza. Ikija kanda ya sita akasema amenirejea, hii ya tano nitaivuta utepe wake wote niutie motoni, na itakuwa haikutokea. Lakini watu wakishajua, hata akirudi nitakuwa yule aliyeachwa kwa redio. Basi nikaosha uso, nikatoka. Mke wa seremala akaniuliza, "Shemeji anasemaje?" Nikasema, "Anawasalimu nyote. Anaulizia makuti." Bi Mejumaa hakuinua kichwa kwenye ukili wake.

Nikaanza kuisikiliza ile kanda kila siku. Watu wakidhani mapenzi, mimi nilikuwa ninafanya kazi ya polisi. Nilitaka kujua kama alitetemeka. Nilitaka kujua kama kulikuwa na mtu chumbani amemkalia kitako. Hedifoni zile hazikuficha kitu, ndiyo sifa yake, na siku ya tatu au ya nne nikakisikia nilichokuwa nimekipita: kabla ya kusema "Basi nimekuacha" palichakacha kitu. Nikarudisha. Kikachakacha tena. Nikaweka kanda ya kwanza, ya pili, zote nne, nikapita kila sentimita: kikohozi, kijiko kwenye glasi, gari nje, lakini mchakacho huo haumo. Ilikuwa karatasi. Alikuwa amegeuza ukurasa. Mwanamume asiyeandika barua alikaa chini akaandika, akafuta, akaandika upya, kisha akanisomea. Kama angeropoka kwa hasira ningepata pa kushika. Nilikaa na karatasi ile miezi, siwezi kumwambia mtu, maana nitamwambiaje karatasi bila kumwambia lililoandikwa? Sijapata kuwa peke yangu vile, kabla wala baada.

Nilisikia kwamba dereva mwenziwe wa Rashidi amerudi Kombani, nikaomba ruhusa kazini nikaenda kumsaka sokoni. Nikamkuta ananunua ndizi. "Rashidi mzima," akasema. "Anakusalimu." Nikauliza hakuna kanda? Akaanza kuzichagua ndizi upya, moja moja, akasema labda atamtuma mtu mwingine. Nikarudi Ukunda nimenunua mchicha nisioutaka. Wiki ile nikamwambia Bi Mejumaa ninataka kuhamia Diani, karibu na kazi, chumba nimeshakiona. Sikuweza tena kujibu maswali ya uani. Akakataa waziwazi, kana kwamba mimi ni mtoto wake. "Huhami," akasema. "Mpaka nikwambie." Nikamuuliza tangu lini mpangaji akazuiwa kuhama. "Tangu leo. Nenda kale, kuna kisamvu." Kila siku kulikuwa na kitu sasa: kisamvu, mbaazi, kipande cha papa kimefunikwa kwa sahani mlangoni pangu. Na nilipokuja kufikiri, yeye peke yake katika nyumba ile hakuniuliza hata mara moja shemeji anasemaje.

Ikafika siku moja, alasiri, nimekaa kitandani na hedifoni, ninaisikiliza kanda ileile. Mlango, ambao siku hiyo nilisahau kuutia komeo, ukasukumwa. Bi Mejumaa aliingia na sahani ya muhogo wa nazi, akaiweka juu ya amplifaya, akamfukuza paka. Akaniashiria nizivue. Nikazivua, nikaziweka shingoni.

"Leo hukutawadha," akasema.

"Sijisikii vizuri, Bi."

"Ninajua. Ndiyo ya tatu hiyo."

"Ya tatu ya nini?"

Akakaa juu ya sanduku la Rashidi. Akaanza kuhesabu kwenye vidole, polepole, kama anavyohesabu mistari ya ukili. "Siku ile ulikuwa twahara. Uliswali kwanza, ndipo ukafungua kanda. Kisha ulikaa bila kuswali mvua zile zilipoanza, moja. Ukakaa tena wiki ya harusi ya jirani, mbili. Na leo alfajiri sikusikia kata kwenye pipa. Twahara tatu zimetimia, eda yako imekwisha, mwanangu. Hakukurejea."

Moyo ulinipasuka, kisha nikaona haya, kisha hasira. "Nani amekwambia?"

Akanyoosha kidole shingoni pangu. "Hizo. Zinavuja."

Sikuelewa. Akanivua yeye mwenyewe, akazilaza juu ya godoro, kanda ikiwa bado inazunguka. Na Rashidi akasema. Akasema pale chumbani, kutoka kwenye yale matundu ya mgongoni, mdogo lakini mzima, kila neno. Nikainuka. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni, nikatoka, nikasimama ukumbini juu ya mkeka wake, na alikuwa bado anasema. Makuti. Salamu kwa Bi Mejumaa. Mkataba. Miezi ile yote nilikuwa nimempandisha sauti kupita nusu, mlango nimeufunga kwa komeo.

"Wengine je?" nikauliza.

"Wengine nilikuwa ninawafukuzia nini, we Mishi? Hawa hawajui kitu. Nimejua mimi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungehama. Na mwenye eda hahami. Tena wewe ulitaka tusijue. Nikaona nikupe ulichokitaka."

Nikakaa kitandani. Bi Mejumaa akazitazama zile hedifoni kwa muda, hedifoni alizozisukia mikeka wiki tano, akasema, "Hebu nivike na mimi." Hakuwahi kuzivaa. Nikampangia juu ya mtandio wake, nikarudisha kanda mwanzo. Uso wake ulibadilika, alishtuka akatazama nyuma kama nilivyotazama mimi kwa Babu Hansi. Kisha akafumba macho. Nilimtazama akisikiliza yote, feni, salamu zake mwenyewe ambazo aliziitikia kwa midomo, mkataba. Halafu akainua kidole.

"Kuna kitu kinachakacha," akasema kwa sauti kubwa, kama watu wasemavyo wakiwa wamezivaa.

"Karatasi, Bi."

"Alikuwa anasoma?"

"Alikuwa anasoma."

Akazivua taratibu, akaziweka pembeni. Nilidhani atamlaani. Akanitazama sana.

"Hiyo sikuisikia," akasema mwishowe. "Maneno yote niliyapata kule nje, nikayabeba pamoja nawe. Ya karatasi sikuyajua. Hayo uliyabeba peke yako. Pole, mwanangu."

Akahama kutoka kwenye sanduku la Rashidi, akakaa kitandani upande wa miguuni. Akaivuta miguu yangu mapajani pake, akajifungua leso mabegani, akaifunika. Miguu ilikuwa ya baridi kweli.